Nani Ataonja Mchuzi wa Kanisa?

Benchi letu limeegemea ukuta wa kanisa, hapa mtaani Shubra, mkabala na duka la matairi la Haji Sabri, na mwaka huu limekauka kabisa. Ramadhani na Kwaresima zimegongana tena. Haji hali wala hanywi mpaka jua lizame, na sisi Wakristo nyama, maziwa na mayai ni mwiko mpaka Pasaka. Kahawa tumeiacha, maana nani ana roho ngumu ya kunywa mbele ya Haji? Basi tunakaa na midomo mikavu tukipanga jinsi kanisa litakavyouhudumia mtaa, kazi tunayoipenda kwa sababu haihitaji mtu kuinuka. Alasiri hiyo akatutokea Tasoni Irini, dada mtumishi anayepika futari ya siku moja ambayo kanisa huwaandalia majirani zetu Waislamu kila mwaka. Mwiko mkononi, uso umemshuka.

— Jamani, nani ataonja?

Tulielewa mara moja. Mwaka jana hakuna aliyeonja, na chumvi ilitiwa na wapishi wawili, kila mmoja akidhani mwenzake kasahau. Majirani walikula kwa heshima tu, maji yakaisha kabla ya sala. Tasoni ameapa ikitokea tena anarudisha mwiko kwa padri wetu, Abuna, na akiurudisha hakuna mwingine wa kuushika. Futari imekufa.

Injinia, mstaafu wa reli, ndiye aliyeanza.

— Kwani wewe mwenyewe huna ulimi?

— Mchuzi wa nyama, Injinia! Unataka nikaungame kwa Abuna kwa ajili ya bamia?

— Haji aonje, akasema Wadii kinyozi, tunayemwita Waziri. Dini yake inamruhusu aguse kwa ncha ya ulimi, ateme.

Haji Sabri akacheka kwa uchungu.

— Kuruhusiwa, naruhusiwa. Kutema ndiko sitaweza. Tangu alfajiri, bwana! Nyama ikishaingia humu hairudi.

— Tumpe mtoto yeyote, nikasema mimi.

— Mtoto ukimpa nyama atakwambia tamu hata ikiwa na sabuni, akasema Tasoni.

Waziri akakohoa. Akikohoa hivyo ujue tumekwisha.

— Tatizo kanisa halina idara. Tuunde Idara ya Chumvi. Mwenyekiti, makamu, katibu.

— Na mwonjaji? akauliza Tasoni.

— Huyo atateuliwa na kamati ndogo.

— Kamati ya nini? akadakia Injinia. Tumbukiza yai. Likielea, chumvi imezidi. Bibi yangu alitengeneza achari hivyo maisha yake yote.

— Yai bichi ndani ya sufuria ya mtaa mzima! Umepatwa na nini, mzee? akasema Tasoni.

— Paka wangu, akasema Haji. Hafungi ya kwenu wala ya kwetu.

— Paka wako anatafuna mpira wa matairi, Haji. Huo nao ni ulimi? akasema Waziri.

Injinia akasimama kwa hasira, akakumbuka magoti, akakaa.

— Mnafikiria vidogo! Kanisa lijenge ghorofa saba. Chini zahanati, juu yake chuo cha ufundi, na huko juu kabisa maabara ya kuonjea. Tuajiri watu wasiofunga dini yoyote.

— Utawatoa wapi?

— Uchina!

Nami, Mungu anisamehe, nikaongeza ghorofa ya nane ya kulaza hao Wachina. Tulikuwa tunabishana kuhusu lifti yao nilipomwona Tasoni analia.

— Jua linashuka nyinyi mnajenga maghorofa. Haji, mwaka jana ulinisifia mchuzi huku machozi yanakutoka. Nilikuona.

— Yalikuwa ya shukrani, mwanangu.

— Yalikuwa ya chumvi!

Hapo ndipo aliposimama mbele yetu Nagwa, fundi cherehani aliyehamia juzijuzi kwenye jengo la juu ya duka la Haji, mikate kwapani.

— Samahanini. Mama Hisham, anayekaa juu yangu, si daktari amemkataza kufunga kwa sababu ya sukari? Kwa nini asionje yeye?

Ee Bwana! Tulishangilia. Waziri akaapa kwamba jina hilo lilikuwa mdomoni mwake.

— Ila hashuki, akasema Haji. Miguu yake haiwezi ngazi.

— Sasa futari hii humfikiaje?

— Meza ya kanisa iko wazi kwa kila mtu, nikasema kwa fahari. Mkristo, Mwislamu, yeyote.

— Nimesikia, mzee wangu. Lakini si hashuki? Huwa anakula nini?

Waziri, mtu asiyekosa la kusema hata mazishini, akaanza kufuta miwani. Haji Sabri ndiye niliyemwonea huruma. Amekaa jengo moja na yule mama tangu wote wawili wakiwa na meno.

— Sijui, akasema polepole. Wallahi sijui.

Tasoni alikuwa keshaingia jikoni. Akarudi na bakuli linalotoa moshi, Nagwa akalipokea, akapanda nalo. Tukangoja shingo zimetupinda. Mwishowe dirisha la ghorofa ya nne likafunguka kwa kukwaruza, kikatokea kichwa chenye mtandio mweupe.

— Chumvi bado! Ongeza kidogo, na ndimu!

Tukapiga makofi. Tasoni akakimbilia sufuria yake huku anacheka na kufuta macho, na Waziri akapendekeza papo hapo Mama Hisham awe mwenyekiti wa Idara ya Chumvi, Injinia akaunga mkono. Lakini dirisha halikufungwa.

— Na kesho mtaniletea saa ngapi?

Waziri akaangalia viatu vyake, mimi nikaangalia vyangu. Mama Hisham akaweka viwiko dirishani, akawa anatungoja.