Tairi Lenye Meno

Feri ya Likoni haikuwa imefika katikati, na tayari wanaume wawili wasiojuana, kijana na mzee, kila mmoja na baiskeli yake, walikuwa wakibishana kama mashemeji. Zubeida, binti wa fundi baiskeli, akatega sikio. "Mashindano ya baiskeli ni kesho, mzee! Lami mpaka Kombani, halafu murram, udongo na kokoto tupu!" Kijana alilipiga kofi tairi jipya alilolivaa begani. "Meno makubwa hayo yatakula nguvu zako kwenye lami, mwanangu. Tafuta lenye mgongo laini na meno ubavuni." "Na mchanga je?" "Punguza upepo. Wallahi utaupita kama ngamia!"

Zubeida akaitazama foki ya baiskeli ya kijana, ule uma wa mbele unaoshika gurudumu, kisha tairi. Unene ule haungeingia pale hata kwa dawa. Alipofungua mdomo aseme, mlango wa feri ulishashuka, nao wakaenda zao wakisukuma baiskeli, bado wakigombania upepo.