Mama Kifungu, Wakili Niliyemsingizia

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, kifungua mimba wa fundi saa na mkunga. Mimi ninayesoma ni kitinda mimba.

Alihitimu sheria mwaka 1996. Tangu utotoni hakukubali jambo juu juu: tukicheza karata, alitaka kwanza kanuni ziandikwe na kila mtu atie sahihi.

Mwaka 1999 aliolewa na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2004 alifungua ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la miwani, akiwashauri watengenezaji wa programu za kompyuta. Wengi walimletea mikataba waliyokwisha kuisaini. "Kazi ikiisha, programu ni ya nani?" aliwauliza. Wakitazamana, aliwavutia kiti. Wakamwita Mama Kifungu.

Kamati ya mazishi ilitaka aya inayofuata ifutwe. Nimeomba ibaki.

Mwaka 2015 kampuni yangu ilipewa kazi ya kutengeneza programu ya kupanga foleni za wagonjwa. Dada aliusoma mkataba, akakizungushia mstari kifungu cha kumi na moja kwa penseli. "Mdogo wangu, hapa unampa mteja kila kitu, hata mlichoandika kabla hamjajuana. Usisaini." Nikamjibu, "Sawa, dada." Kesho yake nikasaini, pupa imenijaa. Mteja alipoichukua programu yote na kutukataza kuigusa, wenzangu wakauliza nani aliupitia mkataba. Nikasema, "Dada yangu. Alisema hauna shida."

Maneno yakaenea. Wateja wake wakamkimbia mmoja mmoja. Nilingoja aniumbue; hakuniumbua. Alimfuata mteja yule mara saba, hadi tukarudishiwa sehemu tulizokuwa nazo awali. Nami nikanyamaza miaka tisa, huku nikila mezani kwake.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua. Wiki ya mwisho, wodini, nilimwambia, "Dada, nitawaambia wenzangu ukweli."

"Waambie wao," akasema. "Mimi nilikuwepo."

Nikajipa siku mbili tatu. Alifariki tarehe 14 Juni 2024, saa nne asubuhi, sijamwambia mtu.

Wenzangu wa zamani, nawaona hapo nyuma. Dada hakukosea. Nilikosea mimi, kisha nikamtwika.

Ameacha mama yetu, mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, na mdogo wake huyu asiye na pa kuuficha uso.

Pumzika kwa amani, dada. Jina lako ni safi, na lilikuwa safi siku zote.