Fundi Gramu na Ndege Isiyoruka na Mtu Mmoja

Leo tunamsindikiza mtu ambaye hakuwahi kubeba kitu bila kwanza kukipima. Majirani na mafundi wenzake mlimwita Gramu, na wengi wenu jina lake la kuzaliwa mmelisoma kwa mara ya kwanza kwenye jalada la ratiba mliyoshika. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake wa kike, ambaye waliachiana ziwa. Marehemu mwenyewe ndiye aliyempa kazi hii akiwa kitandani, na akampa na sharti: "Ukinisoma, usiniongezee uzito nisiokuwa nao." Basi hapa hataongezewa.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Septemba 1951, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha pili kutoka kwenye tangi la maji. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya wanne. Baba alikuwa mpima mizigo wa stesheni, na Mama alikuwa akishona mito ya mabehewa. Watoto wengine wa reli walikua wakicheza na magurudumu mabovu. Yeye alikua juu ya mizani ya baba yake, akipanda na kushuka kati ya gunia na gunia, akiuliza leo ameongezeka kiasi gani. Baba alimjibu kila mara, hata foleni ya wenye mizigo ikinung'unika.

Alisoma shule ya msingi ya reli kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, kisha akaingia shule ya ufundi, idara ya useremala, alikomaliza mwaka 1970. Huko ndiko alikopata jina. Darasa lilipewa kazi ya kutengeneza kigoda. Wenzake walipeleka vigoda vyao kwa mwalimu; yeye alibaki na randa akipunguza miguu ya chake, anakiweka kwenye mizani, anapunguza tena, mpaka kikawa chepesi cha kubebwa kwa kidole. Mwalimu alikisifu sana, akakikalia. Alipoinuka sakafuni na kujipangusa vumbi, alisema neno moja tu, na likamfuata marehemu maisha yake yote: "Kijana, kigoda si lazima kiruke."

Mwaka 1971 aliajiriwa katika kiwanda cha samani, akatengeneza makabati na meza za ofisi kwa miaka mitano, kazi aliyoifanya vizuri na kuichukia. Tarehe 2 Februari 1976 alihamia karakana ya uwanja mdogo wa ndege za kunyunyizia dawa mashambani. Zilikuwa ndege za zamani, mabawa ya mbao yaliyovikwa kitambaa, na yeye ndiye aliyeyatibu yalipovunjika. Alikaa hapo hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2006. Katika miaka yote hiyo kila rubani alimpiga bega akamwambia, "Gramu, siku moja tutakupandisha." Siku moja hiyo haikufika. Aliyashona mabawa yaliyobeba watu wengine, akayasukuma nje ya banda, akasimama pale mlangoni na tambara mkononi. Nyumbani hakulalamika hata mara moja. Lakini mdogo wake alikuwa akimwona anavyotazama juu ndege ikipita, na ilikuwa inamuuma kumwona.

Alifunga ndoa tarehe 11 Agosti 1979 na mwanamke aliyekuwa akipiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Walikutana siku msumeno ulipomkata kidole gumba. Muuguzi, kwa huruma zake, alimwambia kushonwa hakutauma. Binti aliyekuwa akipita na rundo la mashuka alisimama akasema, "Itauma. Uma kitambaa." Iliuma kweli. Wiki iliyofuata alirudi hospitali bila kidonda kipya, kuulizia kama yule binti ana mchumba. Walijaliwa mtoto mmoja wa kike, ambaye leo ni fundi umeme.

Sasa ndege. Yako mengi yaliyosemwa mtaani juu ya ndege hiyo, na mengine aliyasema huyu anayesoma, kwa sauti kubwa, akiwa amekwama kwenye korido ya kaka yake kati ya ukuta na bawa. Marehemu alianza kuijenga Januari 2007, sebuleni. Makochi yalihamia chumba cha binti, na binti alihamia kwa shangazi yake. Mbavu za mabawa, vijiti vyembamba vilivyounganishwa kwa gundi, zilikauka juu ya meza ya kulia, na familia ikala na sahani mapajani kwa miaka. Kitambaa cha mabawa kilipofika, ikajulikana kwamba hukazwa kwa joto la pasi: ukipitisha pasi vizuri kinanyooka kama ngoma, ukizidisha kinaungua. Hapo mkewe, ambaye mpaka siku ile alikuwa akipita sebuleni amefumba macho, alimsogeza mumewe pembeni. "Lete hiyo pasi, utaunguza nyumba." Mabawa yote mawili ni kazi ya mkono wake.

Ilikusudiwa iwe ndege ya mtu mmoja. Injini yake ya kwanza ilitoka kwenye gari dogo, nayo ilikuwa nzito, na uzito ule ulimnyima raha mwenye jina la Gramu. Alipima kila skrubu kwa mizani ya jikoni. Alitoboa matundu kwenye kila kipande kilichovumilia kutobolewa. Mwishowe, mwaka 2014, aliitoa injini ile akaweka nyingine, nyepesi nusu kwa nusu, na siku hiyo alikuja kwa mdogo wake akitembea kama aliyeshinda bahati nasibu.

Novemba 2015 ndege ilipelekwa kwa vipande hadi kwenye banda la uwanja, ikaunganishwa. Mafundi wa zamani walikuja, na rubani mstaafu ambaye wote humwita Kapteni. Marehemu aliondoa gogo lililokuwa likiitegemeza. Pua ikaenda juu, mkia ukakaa chini kwa kishindo, na gurudumu la mbele likabaki linaning'inia. Hakuna aliyecheka. Ndege hukaa juu ya mabawa yake kama mizani ya stesheni, na mtoto wa mpima mizigo alikuwa ameupunguza uzito wa pua mpaka mkia ukashinda. "Gramu," Kapteni alisema taratibu, "umepunguza kweli. Ila umepunguza upande mmoja."

Wahenga walisema mkamia maji hayanywi. Majirani waliusema msemo huo kwenye kila genge, na mwenye wasifu huu aliusikia. Kwa mwezi mzima hakwenda bandani.

Dawa ya kosa lile ilijulikana na kila fundi: kufunga risasi, yale madini mazito, puani, kilo kadhaa, yamekwisha. Marehemu alikataa katakata. Mdogo wake alikuwepo mezani siku hiyo, na alisikia mazungumzo yote.

"Sasa kama hutaki risasi utaweka nini?" mkewe aliuliza.

"Risasi inapanda juu halafu haioni kitu," marehemu alijibu. "Nitarefusha pua. Niweke kiti mbele ya changu."

"Kiti cha nani?"

Alimtazama tu.

"Wewe mwanaume! Mimi hata stuli sipandi. Taa ikiungua namwita mwanangu!"

"Hii si stuli."

"Ndiyo hiyo sasa! Stuli ina miguu inayogusa chini!"

Ni kweli mkewe anaogopa urefu hadi leo. Mapazia yake huyatundika kwa kijiti kirefu. Lakini kiti kilijengwa, na kwa kuwa kilijengwa badala ya risasi, ndege ile ikawa hairuki na mtu mmoja. Lazima pua iwe na mtu. Na lazima huyo mtu ajulikane uzito, jambo ambalo mkewe alikataa kulitamka. Marehemu alificha mizani chini ya mkeka wa mlango wa jikoni. Mkewe aliigundua siku ya kwanza, na kwa wiki nzima akawa anaingia jikoni amebeba ndoo ya maji. Hesabu za ndege zilivurugika vibaya sana, mpaka akamhurumia, akasimama juu ya mizani mchana kweupe, akasema, "Haya, soma. Na usimwambie dada yako."

Kurefusha pua na kuirekebisha ndege kulichukua miaka. Katika miaka hiyo marehemu alijifunza urubani wa vitabuni kwa Kapteni, na alikuwa mwanafunzi mzuri. Katika miaka hiyo hiyo alianza kukohoa. Alikiita kikohozi cha vumbi, akaendelea kupiga msasa na kupaka vanishi bila kufunika pua, na hospitali akawa anaipita kwa mbali. Mficha maradhi kilio humuumbua. Februari 2022 daktari aliwaonyesha picha ya mapafu yaliyokuwa yamekakamaa, akasema asirushe ndege wala asirushwe, kwa kuwa huko juu hewa ingempungukia. Ndege ilikuwa imebakiza rangi tu.

Baada ya hapo kila aliyeingia chumbani kwake aliingia na uongo mtamu. Umenenepa. Macho yamekuwa meupe. Mwezi ujao utakuwa umesimama. Mdogo wake naye aliyasema hayo, kwa mapenzi. Marehemu aliyapokea yote kwa adabu, akageukia ukutani.

Jumamosi tarehe 22 Aprili 2023 Kapteni aliirusha ndege kwa mara ya kwanza, na kiti cha mbele kilifungwa mfuko wa mchanga wenye uzito wa wifi yetu. Marehemu alikuwa ameketi kando ya uwanja kwenye kiti cha plastiki, mtungi wa oksijeni ubavuni. Aliuliza mtungi una kilo ngapi. Ndege iliondoka ardhini. Mtu huyu alikuwa ameisubiri miaka kumi na sita, na kabla ya hapo miaka thelathini mlangoni mwa banda, na alitazama bila kupepesa. Kapteni aliposhuka alimshika mkono. "Iko sawa kabisa, Fundi. Imetulia kama godoro."

Mkewe aliwarudisha kwa gari mpaka getini. Hapo marehemu akasema, "Hata mimi wananiambia niko sawa kabisa."

Mkewe alizima gari. "Nimefua mashuka ya watu wengi walioambiwa wanaendelea vizuri," alisema. "Jumamosi ijayo utoe huo mchanga. Nitapanda mimi."

"Wewe?"

"Mchanga haujui kusimulia."

Alipanda. Tarehe 29 Aprili, mbele ya macho yetu, mwanamke asiyepanda stuli alifungwa mkanda kwenye kiti alichopimiwa, uso umemwiva. Baadaye alisema kwamba walipoacha ardhi alifumba macho, halafu akakumbuka ametumwa, akayafumbua. Walizunguka uwanja, wakapita juu ya stesheni, wakarudi. Alishuka akishikiliwa na binti yake, akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha plastiki.

"Inalalia kushoto," alisema.

Kapteni alitazama viatu vyake.

"Sana?" marehemu aliuliza.

"Si sana. Lakini usukani wa mbele, huu ulio katikati ya magoti, muda wote ulikuwa umevutwa kulia. Kapteni anaishikilia isiende."

Marehemu alicheka mpaka mrija wa oksijeni ukachomoka puani. "Nilijua! Bawa la kushoto nililipaka gundi mara mbili! Nilijua mimi!" Tangu augue hatukuwa tumemwona na furaha kama ile. Kisha akatulia, akamvuta mkewe karibu. "Na nini tena? Niambie."

Akamwambia. Bati la stesheni limeoza upande usioonekana kutoka chini. Tangi la maji halina mfuniko. Nguo zao zilikuwa kwenye kamba, na shuka moja lilikuwa limeanguka.

"Na mimi?"

"Ulikuwa mdogo sana," mkewe alisema. "Lakini nilikuona."

Kuanzia wiki ile marehemu alirudi kazini, kitandani. Alimwelekeza binti yake kukata kibati kidogo kutoka kwenye kopo la kakao, cha kufungwa nyuma ya bawa la kushoto ili hewa iliinue. Kilikatwa juu ya sinia la chakula. Alikipima, akakirudisha kipunguzwe pembe, akakipima tena. Binti alikwenda kukifunga tarehe 6 Juni. Kukijaribu hakukuwezekana, kwani kiti cha mbele kina mtu wake, na mtu huyo hakutaka tena kutoka chumbani kwa mgonjwa. Jumatano tarehe 14 Juni 2023, saa nne asubuhi, marehemu alimuuliza mkewe, "Nakufa?" Mkewe akajibu, "Ndiyo. Nipo hapa." Alimshika kidole gumba chenye kovu, na muda mfupi baadaye marehemu akakata roho.

Marehemu ameacha mke, binti mmoja, mkwe, wajukuu wawili, mdogo wake mmoja, na ndege yenye viti viwili ambayo yeye hakuwahi kuipanda. Jumamosi ijayo Kapteni atakaa nyuma, na mjane atakaa mbele, macho wazi, waone kama kibati kimenyoosha bawa. Jana mjane alimuuliza wifi yake, huyu anayesoma, "Nikishuka nitamwambia nani?"

Wifi yake hakuwa na jibu jana. Leo analo. Kaka yetu apumzike salama. Habari ataletewa hapa hapa kaburini, ya kweli, hata kama bado inalalia kushoto.