Kunong'ona Nimekatazwa

Nilikaa nyuma ya abiria wawili kwenye basi, kwa hiyo sikuhitaji kutega sikio. Mama mmoja, mtangazaji wa safari pale stesheni ya treni, alikuwa akimweleza jirani yake wa kiti kwamba nyuzi zake za sauti zimevimba kwa sigara za miaka ishirini. Sauti yake ilikwaruza kama kabati linaloburutwa sakafuni.

"Basi nong'ona, dada, usijiumize," alisema jirani, ambaye alikwisha kujitambulisha mara mbili kuwa ni mwalimu wa kwaya.

"Kunong'ona ndiko nilikokatazwa. Daktari anasema kunakaza koo kuliko kusema. Niseme kawaida, nifanye mazoezi ya sauti, wanichungulie koo kila miezi mitatu. Na sigara ndiyo basi tena. Huu mwezi wa tano sijaigusa."

"Uvimbe usipopungua?"

"Watanipasua. Kisha mazoezi upya."

"Si uombe kazi nyingine? Kwa sauti hiyo watu watakudhani mwanamume."

"Msimamizi kaniletea barua ya kuhamia stoo. Nimemrudishia bila sahihi. Abiria wanapanda treni kwa sauti hii, na hakuna aliyepotea."

Mwalimu, ambaye nadhani hajawahi kubishiwa na mwimbaji, alitikisa kichwa. Kituo cha mama kilipokaribia, akafungua mdomo amwitie dereva. Mama akamzuia kwa kiganja.

"Shusha hapo mbele."

"Sawa, mzee," dereva alijibu bila kugeuka.

Basi likasimama. Mama alichukua mkoba wake, akamtazama mwalimu.

"Si amesikia?"