Nyumba Sitini za Bibi Afya

Tarehe 30 Juni 2004 Bi. Aikande Lyimo anastaafu, baada ya miaka thelathini ya kazi ya afya hapa Moshi. Wengi tunamwita Bibi Afya. Wakati wa kipindupindu watu wa vilabuni wakiiona baiskeli yake tu, wanaficha mapipa ya mbege, pombe yetu ya ndizi.

Ila kazi aliyoishikilia kuliko zote ni ya kupambana na moshi wa pumba. Biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, mashine za kukoboa mpunga ziliongezeka kule Mabogini kwenye mashamba ya mpunga, na pumba zikawa zinachomwa ubavuni mwa nyumba za watu. Bi. Aikande alikuwa anapangusa majani ya migomba kwa kitambaa cheupe ili masizi yaonekane, anakibana kwenye fomu, anaandika tarehe. Tulimtania kwamba anaogesha migomba. Anacheka, anahamia mgomba mwingine.

Mwaka 1993 aliomba mashine moja ihamishwe. Wakubwa wakataka idadi ya wagonjwa: nyumba sitini, nani anakohoa, tangu lini. Akanipa kazi hiyo mimi, Melkior, msaidizi wake. Nilifika nyumba tisa. Zilizobaki nilizijaza nimekaa kilabuni: hakohoi, hakohoi, hakohoi.

Kumbe nilimwandika Mama Rukia, aliyekaa jirani na mashine, kuwa mzima, na wiki ileile Bi. Aikande mwenyewe alikuwa amempeleka hospitali, pumzi inakata. Akafunga mlango wa ofisi, akaniuliza taratibu, "Melkior, hivi vifua ulivisikilizia kilabuni?"

Tulizirudia nyumba zote sitini, kwa mguu, sisi wawili. Watu thelathini na wanne walikuwa wanakohoa.

Ripoti ikachelewa, msimu mzima wa mavuno ukapita pumba zinawaka. Kikaoni wakubwa wakamwita mzembe, na cheo alichokuwa anakisubiri akapewa mwingine. Nilikuwepo. Hakunitaja, na mimi nikaangalia chini. Mashine ilihamishwa mwaka uliofuata, lakini neno lile limebaki kwenye faili lake, na hata vijana walioajiriwa juzi wanalirudia.

Kamati ya kumuaga iliniomba niandike mambo mazuri tu. Zuri ninalolijua ni hili: alibeba uzembe wangu miaka kumi na moja bila kunisema. Barua ya kueleza hivyo nimeipeleka kwa mkurugenzi, iingie kwenye faili, na nakala nimeibandika kwenye ubao wa matangazo ofisini kwa jina langu.

Bi. Aikande, shikamoo. Asante, na unisamehe. Nenda nyumbani Sanya Juu na jina lako safi. Sisi wote tunakuombea afya, amani na miaka mingi.