Karani Aliyekwenda Mutsamudu Bila Karatasi

Bwana Elamine, karani wa hati hapa kampuni yetu ya matishari, amefanya kazi miaka ishirini na tatu. Anastaafu Ijumaa hii, tarehe 29 Desemba 2000, siku mbili baada ya Idi. Nimeambiwa niandike kwa Kiswahili ili wenzetu wa Unguja na Tanga waliomo ukumbini wafuate. Sikusoma sana, nitasema kama nilivyoona.

Alikuja kutoka Majunga mwaka 1977 na wale wenzetu waliokimbia mauaji kule wakarudishwa nyumbani, yeye na Bi Nasrine mkewe na sanduku moja. Alianza kwa kuhesabu magunia, maana hapa Moroni meli kubwa inatia nanga nje na mzigo unaletwa kwa tishari kidogo kidogo. Baadaye akapewa meza, halafu muhuri. Hapo watu wakaanza kumwogopa. Kuli akitaka ruhusa ya kwenda kumzika shangazi yake, Bwana Elamine anauliza karatasi. Mkurugenzi mwenyewe aliwahi kurudishwa mlangoni kwa kusahau tarehe. Abdou, msimamizi wa makuli, humtania kwamba hata malaika wa kaburini ataambiwa atie sahihi. Yeye hucheka, halafu anaomba sahihi.

Lakini habari yake kubwa ni ya Inzoudine, na mpaka leo kuna sehemu sizielewi.

Inzoudine alikuwa kuli wetu, mtu wa Mutsamudu. Septemba 1998 waya wa winchi ulikatika ukampiga, akafa palepale kwenye tishari. Waya ulikuwa mkuukuu, kampuni ikakubali kosa. Watu wa bima wakakubali kulipa faranga milioni mbili na laki nne kwa warithi, ila hati ya warithi ifike ndani ya mwaka mmoja. Isipofika, fidia imekufa. Na kule Mutsamudu kulikuwa na mjane wake, Laïla, mabinti wawili wadogo, na mama wa marehemu.

Siku za kawaida hiyo ni kazi ya wiki mbili. Kadhi wa kwao anaandika warithi ni nani, anapiga muhuri, basi. Lakini kisiwa chao, Anzuani, kilikuwa kimeshajitenga na sisi wa Moroni. Kadhi wa Mutsamudu aliandika vizuri kabisa, akapiga muhuri wa dola yao mpya. Wakubwa wa Moroni wakasema dola hiyo haipo, kwa hiyo na karatasi haipo. Bwana Elamine akairudisha, akaomba muhuri wa zamani. Mutsamudu wakajibu kwamba wa zamani ndio haupo. Laïla mwenyewe alikuwa kwenye eda, hawezi kusafiri. Alipotoka eda, bunduki zilikuwa zimelia mjini kwao na boti hazieleweki. Sisi ofisini tukawa hatujui tena nchi ni moja au mbili.

Mara ya tatu karatasi ikaja na muhuri wa zamani. Tukafurahi. Bwana Elamine akaitazama muda mrefu, akasema mwezi wa kwenye muhuri umeelekea upande usio wake. Kumbe Mbaé, mdogo wa marehemu, alikuwa amechonga muhuri kwa soli ya kandambili. Wote tulimwambia apitishe tu, nani ataangalia mwezi. Alikataa. Siku zile tulimwona mtu mbaya.

Mwezi wa nane 1999 Laïla akamtuma msafiri na maneno: "Mzee Elamine, mume wangu alikufa mara moja. Mbona nyinyi mnataka nimzike kila mwezi?"

Bwana Elamine alikwenda kwa kadhi wa Moroni akauliza: je, kama hakuna karatasi kabisa? Kadhi akamweleza kwamba watu wawili waaminifu wakienda, wakasikia kwa masikio yao mashahidi wa kule, kisha wakaja kuyasema mbele yake, inakubalika. Ni hivyo tangu zamani.

Basi akamchukua Abdou, akamchukua na Nadjib, fundi cherehani wa mtaa wa Magoudjou, wakapanda boti. Gatini Mutsamudu wenye bunduki wakamtaka vyeti vya safari ya kazi. Hakuwa na hata kimoja. Abdou anasema hajawahi kuona mtu mwenye nguo zake zote akawa uchi namna ile. Wakaachiwa, wakakaa siku mbili wakisikiliza wazee waliohudhuria ndoa na wanaowajua watoto. Walirudi zimebaki siku nne mwaka wa bima uishe.

Kadhi akawauliza mmoja mmoja. Abdou akataja mama, mjane, mabinti wawili, ndugu mmoja. Akaingia Nadjib, akataja mabinti watatu. Nilikuwa mlangoni, nikaona Bwana Elamine anafumba macho. Nadjib akashikilia: watatu, aliwaona kwenye mkeka wa Laïla wakila.

"Uliwaona," kadhi akamwuliza, "au mashahidi waliwataja?"

Nadjib akahesabu kwa vidole. "Niliowaona ni watatu. Waliotajwa ni wawili."

"Mimi nauliza masikio. Macho yako kaa nayo."

Wa tatu alikuwa mtoto wa jirani.

Hati ikaandikwa siku ileile, na bima ikalipa. Mjane thumuni, laki tatu. Mama sudusi, yaani moja ya sita, laki nne. Mabinti laki nane kila mmoja. Laki iliyobaki ikaenda kwa Mbaé. Kwa hesabu hiyo ya mirathi mtu mzima anagawanywa mafungu ishirini na manne, na mimi bado sijui kama hiyo ndiyo bei yake au ni nini. Benki haikupeleka pesa kule. Mfanyabiashara wa Mutsamudu aliyebakiza duka hapa akapokea, na ndugu yake akalipa kule, kila mrithi mkononi mwake, za watoto mbele ya kadhi. Watu wa bima bado wanaandika kwamba faili lina upungufu. Bwana Elamine anawajibu kwamba ni kweli.

Kule kama hapa, baba humjengea binti nyumba. Inzoudine aliacha kuta bila paa. Mwezi uliopita Laïla alileta salamu: chumba kimoja kimeezekwa na watoto wanalala humo, cha pili kinangoja mabati. Anasema mzee aje na Bi Nasrine, watalala hicho cha pili kikishaezekwa, kabla binti mdogo hajakidai.

Bwana Elamine, makuli na makarani wote tunakushukuru. Upumzike vizuri huko Vouvouni, Mungu akupe afya, na akupe boti inayoondoka siku iliyosemwa.