Kamba ya Tano

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Sogezeni viti. Leo tunamkumbuka dobi. Ndiyo, dobi. Mliozoea kusikia hapa habari za wakubwa, leo mtanivumilia.

Mtaa mzima ulimwita Povu. Amefariki Jumanne asubuhi, nyumbani kwake, mkewe akimwandalia chai. Povu alitufulia nguo tangu mimi navaa kaptura. Alianika juu ya paa la jengo lao, kwenye kamba tano. Nasema tano, lakini nguo zilikaa kwenye nne tu. Ya tano, ile ya juu kabisa, ilikuwa ya mbayuwayu.

Narudia, maana wengi hawakuamini. Dobi huyu aliwaachia ndege kamba nzima. Mwanzoni ilikuwa akili ya kazi tu. Ndege wakikosa pa kutua, watatua kwenye mashuka ya watu, na mashuka yatarudi kwenye beseni. Basi akawapa yao, wakaizoea.

Sifa yake kubwa ilikuwa pua. Alinusa mvua kabla wingu halijaonekana. Alinusa shati akajua ulikaa na wavuta sigara. Mimi aliniambia hivyo mbele ya mke wangu, na sikumshukuru.

Kisha akapata mafua makali. Mafua yakapona, pua haikurudi. Akaificha siri hiyo. Mkewe anasema alikuwa akifunua sufuria, anasifia harufu, na mchuzi wenyewe umeungua. "Nikajua mwanaume huyu ananidanganya," mama alituambia, "ila sikujua ananidanganya nini."

Siri ilitoka siku alipoacha pasi juu ya gauni la bibi harusi, akageuka kuongea na mteja. Chumba kizima kilinuka moto. Yeye peke yake aliendelea na hadithi.

Bintiye akachukua pasi. Povu akabaki na kamba zake, mnyonge, juu ya paa. Ndipo akaanza kuwatazama vizuri wale ndege. Akaona kwamba mvua ikikaribia, wanaacha kamba na kuruka chini chini wakifuata wadudu. Akawa anaanua nguo wakiruka hivyo, hata jua likiwaka. Bintiye alibisha mara moja, mashuka yakalowa chapachapa. Hakubisha tena.

Lakini kazi iliongezeka, na binti akaitaka kamba ya tano. Waligombana, wasikilizaji wapendwa, tena si mara moja. Binti mwenyewe ametuambia.

"Nilimwambia, baba, hapa ni kazini, si kwenye kiota. Akanijibu taratibu, 'Mwanangu, pua imenikimbia, hawa wamenishika mkono. Halafu walikuwa wakitua hapa kabla sisi hatujafunga kamba. Sisi ndio tuliowakuta.' Moyoni nikasema, siku moja nitaamua mimi."

Siku hiyo ikafika. Alhamisi tulimzika Povu. Ijumaa nguo zilikuwa zimerundikana mpaka mlangoni. Binti akapanda juu na beseni, akajaza kamba nne, mashuka yakabaki. Hakukuwa na wa kumkataza. Akayaanika kwenye ya tano.

Mbayuwayu wakaja. Wakazunguka, wakazunguka tena, wasitue popote.

"Nilijiona nimekalia kiti cha mtu msibani," anasema.

Akayaanua yakiwa bado yanachuruzika maji. Akakaa kando ya beseni akalia. Makaburini hakuwa amelia.

Kwa mama, kwa binti, na kwa wote mliovaa nguo zilizopita mikononi mwa Povu, poleni sana. Mungu awape subira. Na sisi tuliobaki tujiulize leo, tukifunga madirisha na kufagia vibaraza vyetu, ni nani tuliyemkuta hapa, na tumemwachia nini.

Nilipita pale leo asubuhi kuchukua shati langu. Nikainua macho. Kamba nne zilijaa nguo za watu. Ya tano ilijaa wenyewe.